Ami, nimeacha sigara nikahamia vipaketi vya nikotini, mbona nguvu za kiume hazirudi?

BARUA

Assalaam aleikum, shikamoo Ami.

Naomba jina langu ulifiche kabisa kwa sababu Lamu ni mji mdogo, jambo likitoka Mkomani asubuhi adhuhuri lishafika Langoni na jioni lishavuka Shela. Nimekaa na hii barua kwenye simu muda mrefu naiandika naifuta.

Mimi nina miaka 36, nimeoa, tuna mtoto mmoja wa kike na mke wangu ataka tupate wa pili. Kazi yangu ni nahodha wa mashua, nachukua wageni nawapeleka Manda, jioni nawazungusha kuangalia jua likitua, na wageni wakikosekana natoka na wavuvi. Sigara nilianza nikiwa shule, moja moja za kuombana, nilipoingia baharini ikawa pakiti kwa siku na siku nyengine zaidi, kwa sababu kule usiku kuna baridi kuna usingizi na wenzako wote wavuta. Na muguka pia (ile miraa ya majani) Ami sitakuficha, si kila siku, lakini wikendi tukikaa barazani twatafuna, na mtu akitafuna muguka sigara hazihesabiki.

Sasa tatizo lenyewe. Ni mwaka na kitu hivi chumbani mambo hayako sawa. Mwanzo jogoo alikuwa awika lakini hadumu, twaanza tu ashalala. Baadaye ikawa hata kuwika hawiki, na hamu ninayo, hamu haijapungua hata kidogo, ndo kitu kinachonitia wazimu. Sasa hivi nimekuwa naogopa kitanda changu mwenyewe. Nikitoka msikitini isha siingii ndani, nakaa dakani na simu mpaka nione taa ya chumbani imezimwa na kimya, alafu ndo naingia polepole navua viatu mlangoni kama mwizi. Mke wangu alikuwa hasemi kitu, ila juzi aliniuliza kama kuna mwanamke mwengine, akalia. Wallahi Ami hakuna.

Shangazi yangu (yeye namuamini ndo nilimdokezea kidogo) aliniambia nimefungwa, kuna mtu hasidi, nikaandikiwa kombe la aya za Qurani nikanywa na bado. Alafu kuna rafiki yangu akaniambia shida yote ni moshi, moshi ndio waua nguvu, acha moshi utaona. Nikamsikiza. Yapata miezi minne sasa sijagusa sigara hata moja. Badala yake naweka vile vipaketi vyeupe vya nikotini vya kubana chini ya mdomo, kikiisha kimoja natia chengine, jioni navuta vepu (sigara ya umeme) kidogo ya huyo rafiki, na nikienda kwa babu nala tambuu lake la tumbaku. Kifua kimefunguka, sikohoi tena, hilo nashukuru. Lakini huko chini hakuna kilichobadilika na mimi nilivumilia nikidhani ndo dawa.

Nauliza: ni sigara kweli au nimefungwa? Kama ni sigara mbona nimeacha na hali ni ile ile? Kuna vidonge vya bluu vyauzwa kichinichini na kuna asali ya vipakiti ya wanaume, nitumie? Na je itarudi? Babangu ana presha na sukari, sijui kama yahusika. Na mke wangu nimwambie nini, nimeshindwa hata pa kuanzia.

Nahodha, Lamu


JIBU

Marahaba mwanangu, wa aleikum salaam warahmatullah. Jina lako halitoki hapa. Na nimefurahi umeniandikia yote, muguka, tambuu, vepu, maana wengi huniletea nusu ya habari alafu wataka jibu zima na mimi nabaki kubahatisha.

Nianze na lile linalokuchoma. Hukufungwa na mtu. Kombe umeshakunywa, dua endelea nayo, dua haimdhuru yeyote, lakini tafadhali usianze kumtafuta hasidi mtaani, utakuja kumshuku jirani au mke mwenza wa mjomba au mtu uliyegombana naye kwa abiria wa mashua, na hakuna aliyekufanya kitu. Kile kinachokubana kiko chini ya mdomo wako saa hizi unaposoma. Huyo rafiki yako alikwambia nusu ya ukweli, moshi ni mbaya na ulifanya vyema kuuacha, lakini alisahau kwamba nikotini yenyewe, hata bila moshi, yahusika moja kwa moja na shida yako.

Hebu nikueleze vile inavyokuwa, kwa sababu mtu akielewa mwili wake hatishwi ovyo. Uume hauna mfupa, wala hausimami kwa kukaza msuli kama unavyokaza mkono kuvuta kamba ya tanga. Ndani yake mna nyama laini mbili zimelala sambamba, zimejaa vitundu kama sponji. Mwanamume akipata hamu ubongo watuma habari kupitia neva, zile neva pamoja na ngozi ya ndani ya mishipa ya damu zatoa gesi inayoitwa naitriki oksaidi, na hiyo gesi kazi yake ni kuilegeza mishipa, mishipa ikilegea yafunguka, damu yaingia kwa wingi, vile vitundu vyajaa, na vikijaa vyaibana mishipa inayorudisha damu ili isitoke mapema. Kwa hivyo kusimama ni matokeo ya mishipa kulegea. Wengi wetu tumekua tukidhani ni kinyume, kwamba ni mambo ya kukaza na kujikakamua, na ndo maana mtu akishindwa siku moja siku ya pili ajikakamua zaidi na yazidi kuharibika.

Sasa nikotini ikiingia kwenye damu, iwe imepitia mapafu au imepitia ufizi, yaamsha adrenalini, moyo waenda mbio, presha yapanda, na mishipa midogo midogo mwili mzima yajibana. Wewe umeshaliona hili bila kulijua. Ukiwa baharini usiku wawasha sigara ukidhani wajipasha moto, kumbe zile ncha za vidole zazidi kuwa baridi, kwa sababu damu imepunguzwa huko. Kinachotokea kwenye vidole ndicho kinachotokea kwenye uume. Hamu iko, habari imetoka kwenye ubongo imefika, lakini mlango wa damu umebanwa, na ndo hilo unaloniambia kwamba hamu haijapungua hata kidogo.

Na hili halijasemwa kwa kudhania, limepimwa. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Texas huko Marekani, Harte na Meston, walichukua vijana wazima ambao hawavuti sigara kabisa, wakawapa ubani wa kutafuna wenye miligramu 6 za nikotini na kulinganisha na ubani usio na kitu, alafu wakawaonyesha filamu za mapenzi huku wakipima kusimama kwao kwa kifaa. Hakukuwa na moshi, hakukuwa na lami ya sigara, hao si watu walioharibika mishipa kwa miaka. Kwa nikotini kusimama kulipungua kwa karibu asilimia 23. Na walipoulizwa kuhusu hamu yao, hamu ilikuwa ile ile. Soma tena hapo mwanangu, uone kama si barua yako.

Kwa hivyo vile vipaketi unavyotia kimoja baada ya chengine maana yake ni kwamba nikotini haitoki kwenye damu yako toka asubuhi mpaka unapolala. Kwa upande wa nikotini hujatoka pale ulipokuwa na pakiti kwa siku. Sikwambii hivi ili urudi kwenye sigara, la hasha, usirudi. Kifua kilichofunguka ni faida ya kweli, moshi wa sigara una sumu nyingi ambazo kipaketi hakina, na hiyo miezi minne ni kazi kubwa uliyoifanya ambayo wengi hawajaiweza. Nasema tu umetoka nusu ya njia na waliokutoa walikwambia umefika.

Vepu ni hivyo hivyo. Mwaka 2021 ulitoka utafiti Marekani uliotumia habari za wanaume zaidi ya 13,000, wale wanaovuta vepu kila siku walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusema wana shida ya kusimama ukilinganisha na wale ambao hawajawahi kuvuta, na hilo lilibaki hata kwa wale wasio na ugonjwa wa moyo. Utafiti kama huo waonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, peke yake hauthibitishi kwamba hili limeleta lile, lakini ukiuweka kando ya ule wa ubani na kando ya tunayoyajua kuhusu mishipa, mimi simwambii kijana yeyote avute vepu eti ni mvuke wa matunda. Na tambuu la babu, mpende babu, kaa naye, mchukulie hata samaki, lakini ile tumbaku iliyomo ina nikotini kama nyengine yoyote, na popoo nalo lina habari zake mbaya za saratani ya kinywa hata bila tumbaku.

Muguka sitaisema sana maana wajua mwenyewe. Zile kelele za mwaka 2024, Mombasa na Kilifi kupiga marufuku na mahakama kusimamisha, zilifanya watu waione kama ugomvi wa biashara na siasa, na lile la mwili likasahaulika. Muguka nayo yapandisha presha na kuubana mwili, na zaidi ya yote kama ulivyosema mwenyewe ndiyo inayokurudisha kwenye kuvuta. Ukiacha nikotini ukabaki na baraza ya muguka wikendi, nakwambia kwa uwazi hutamaliza mwezi.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nataka ulisome ukiwa umetulia, na ndilo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine. Mbali na kubana kwa papo hapo, sigara za miaka yote hiyo huharibu ile ngozi ya ndani ya mishipa, ile ile inayotengeneza naitriki oksaidi, na mafuta huanza kujijenga kwenye kuta za mishipa. Mishipa ya uume ni myembamba, kipenyo chake ni kama milimita 1 hadi 2, na ile ya moyo ni kama 3 hadi 4. Ugonjwa ni ule ule mmoja lakini mshipa mwembamba ndio unaoshindwa kwanza. Kwa wanaume wengi waliokuja kupata ugonjwa wa moyo, shida ya chumbani ilitangulia kwa miaka 2 hadi 5. Wewe una miaka 36, ulivuta pakiti kwa siku, na babako ana presha na sukari. Sukari peke yake yatosha kuharibu neva na mishipa ya huko chini hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika sigara, na watu wengi wana sukari hawajui mpaka ishawafanyia kazi yake. Kwa hivyo kabla ya kidonge, kabla ya asali, kabla ya lolote, nenda kapime. Pale hospitali ya King Fahd au kituo chochote unachokiamini, asubuhi kabla hujala kitu, sukari, presha, na mafuta ya kwenye damu, na umwambie daktari kwa mdomo wako kwamba shida ni nguvu za kiume, usiseme mgongo wauma. Akiona haja ataongeza kipimo cha homoni. Daktari au nesi aliyeko pale ashayasikia haya mara nyingi mno, hatashangaa. Na kama waona haya kukutana na jamaa kwenye foleni, vuka Mokowe ukapime mbele huko Mpeketoni au ukienda Malindi kwa shughuli zako, bora upime. Na kuanzia leo ukipata maumivu au kubanwa kifua ukiwa wavuta nanga au wasukuma mashua, hiyo si ya kungoja miadi, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna swali moja hukunijibu kwa sababu sijakuuliza. Asubuhi ukiamka, au usiku ukishtuka, huwa kumesimama? Mwanamume mzima husimama mara kadhaa akiwa usingizini, mara 3 hadi 5 ni kawaida, bila hata kuota lolote. Kama asubuhi kuko sawa na ukimkaribia mke ndo kwalala, basi mishipa yako bado yafanya kazi na kilichobaki ni woga. Kama hata asubuhi hakuna, au kuko dhaifu, hapo mishipa au neva au homoni ndo zaulizwa zaidi, na daktari atataka kulijua hilo. Wewe naona una vyote viwili. Ilianza na mishipa, alafu ile hofu ya kukaa dakani ikaongezea, kwa sababu hofu nayo ni adrenalini, ni ule ule mlango wabanwa mara ya pili.

Vidonge vya bluu. Dawa yenyewe ni sildenafili, ilikubaliwa Marekani mwaka 1998 na imesaidia watu wengi, sina ugomvi nayo. Yafanya kazi kwa kuifanya ile hali ya mishipa kulegea isiishe haraka. Lakini haitengenezi mshipa ulioharibika, na ukiitumia huku kipaketi kiko mdomoni ni kufungua kwa mkono mmoja na kufunga kwa mwengine. Daktari akikupa baada ya vipimo, tumia, si aibu, huenda hata ikakusaidia kuivunja ile hofu. Ya kichinichini usiguse, hujui kilichomo wala kipimo chake. Na kuna watu ambao kwao ni hatari kabisa, wale wanaotumia dawa za moyo za aina ya naitreti, zile za kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, wakichanganya presha yaweza kuanguka ghafla mtu akafa. Babako mzazi usimpe hata kwa kumsaidia, nasema hivi kwa sababu naskia vijana wawapelekea wazee.

Asali ya vipakiti ndo mbaya zaidi kwa sababu yajifanya chakula. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilizionya kampuni zilizouza asali za namna hiyo baada ya kukuta ndani yake mna dawa zile zile za sildenafili na tadalafili ambazo hazikuandikwa popote kwenye pakiti. Kwa hivyo mtu adhani ala asali ya nyuki na kumbe ala kidonge asichokijua kiasi chake. Supu ya pweza kunywa, muhogo na nazi kula, ni chakula kizuri na hakuna atakayekukataza, ila visikufanye uone ushajitibu ukaacha kupima.

Kuacha sasa. Usianze na kusema kuanzia leo basi, wakati vipaketi viko mfukoni. Chagua siku, wiki hii au ijayo, siku ambayo huna safari ya usiku. Kabla ya hapo mwambie rafiki wa vepu na wenzako wa baraza, waambie wazi kwamba daktari amekukataza (si uongo, ukienda atakukataza), maana mwanamume akisema tu naacha wenzake humjaribu, akisema daktari humwachia. Siku ikifika vitoe vyote, na vile ulivyoficha kwenye mashua pia. Siku 3 za mwanzo ndo nzito, utakuwa na hasira, kichwa kitauma, usingizi utaruka, utamfokea mtoto bila sababu, alafu itapungua polepole na kwa wengi wiki 2 hadi 4 mwili umeshatulia. Ile kiu ikija huja kwa nguvu lakini haikai, ni dakika chache, kunywa maji, tafuna karafuu au iliki, ingia majini, fanya chochote mdomo na mikono viwe na kazi.

Na usiniambie huwezi. Ramadhani unakaa toka alfajiri mpaka magharibi juani, ndani ya mashua, bila sigara bila maji, kila mwaka toka ubaleghe. Mwili wako waijua njia. Kinachokushinda ni ile saa ya baada ya futari, kahawa iko, wenzako wako, na mkono wajiendea wenyewe mfukoni. Basi pigana na hiyo saa moja, kwa wiki za mwanzo usikae pale, baada ya isha nenda nyumbani.

Wapo wanaoshindwa kuacha kwa mpigo, na hao si wadhaifu, nikotini yashika kweli kweli. Ukiwa hivyo muulize daktari kuhusu ubani au plasta ya nikotini ya hospitali. Najua utasema Ami umenambia ubani wapunguza kusimama na sasa wanipa ubani. Tofauti ni kwamba hiyo hupewa kwa kipimo kinachopunguzwa na ina siku ya mwisho, miezi miwili mitatu imekwisha, na vipaketi vyako havina mwisho. Pia kuna namba ya NACADA, ile mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, ni ya bure, wapiga ukiwa popote waongea na mtu asiyekujua wewe wala babako. Kwa mtu wa mji mdogo hiyo ni rahisi kuliko kuingia mlango wa ofisi watu wakikuona.

Je itarudi? Sitakupa ahadi ambayo si yangu. Kuna utafiti wa Iran uliochapishwa 2004 uliofuatilia wavutaji wenye shida kama yako, baada ya mwaka mmoja angalau robo ya walioacha walikuwa wamepata nafuu, na kwa wale walioendelea kuvuta hakuna aliyepata. Huo ndo ukweli wenyewe, si kila anayeacha hurudi alivyokuwa, ila anayeendelea mlango ameufunga mwenyewe. Umri uko upande wako, mtu wa 36 mishipa yake ina nafasi ya kupona kuliko wa 60, na kama sukari na presha ziko sawa nafasi yazidi. Ule ubanaji wa papo hapo huondoka mapema, kwa hiyo wengine huona asubuhi zao zimeanza kubadilika ndani ya wiki chache, lakini lile la kuta za mishipa huchukua miezi. Usijipime kila usiku. Ukipita miezi 3 bila nikotini yoyote na hakuna kilichosogea, rudi kwa daktari umwambie, kuna matibabu mengine, hujafika mwisho.

Mke wako. Mwanangu, hili mimi lingeniumiza kuliko lile jengine. Mwanamke amelala peke yake, amesikia viatu vikivuliwa mlangoni usiku na usiku, na hujamwambia neno, unataka afikirie nini? Yeye naye ashajiuliza amechusha wapi. Mwambie kabla hujaenda kupima, si baada. Usingoje upone ndo uje na habari njema. Kaa naye mchana mtoto akiwa madrasa, si kitandani, kitandani mtaanza kupimana, na umwambie maneno mafupi tu: hakuna mwanamke mwengine, mwili wangu unanishinda, naogopa aibu ndo nachelewa kuingia, nimeambiwa ni nikotini na huenda sukari, nakwenda kupima. Basi. Akitaka kuuliza muache aulize, akitaka kwenda nawe hospitali mpeleke. Alafu kubalianeni kwamba kwa hizi wiki za kuacha hakuna mtihani, mtalala pamoja, mtashikana, mtaongea, na likitokea limetokea lisipotokea hakuna anayegeuka ukutani. Hilo peke yake hupunguza ile hofu, na nimeambiwa na wanaume wengi kwamba hapo ndipo walipoona mabadiliko ya kwanza.

Na hilo la mtoto wa pili, usilichanganye na hili lakini usilisahau. Sigara hupunguza idadi ya mbegu na nguvu yake ya kwenda, na mbegu moja huchukua karibu miezi 3 tangu ianze kutengenezwa mpaka itoke. Kwa hiyo mbegu ulizonazo leo zilianza wakati mwili wako ndo watoka kwenye pakiti ya kila siku na vipaketi viko mdomoni. Kama mtataka kupima mbegu, ngoja miezi 3 ipite tangu siku utakayoacha nikotini yote, ukipima wiki ijayo utapata majibu ya mtu uliyekuwa zamani na utakata tamaa bure.

Majibu ya sukari yakitoka niandikie, hata kama ni mazuri.

Ami